Daktari Aliyeitwa Adui wa Watu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya walimu, wanafunzi na wananchi wengine. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wasomaji wetu ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya michezo ya kuigiza iliyotungwa zamani, na sababu zinazowafanya watu wa mataifa mbali mbali waendelee kuitazama leo, ijapokuwa watungaji wamekwisha kufa, na mavazi, nyumba na desturi zinazoonyeshwa humo si zao. Jambo hili ni pana kama bahari. Nikitaka kulieleza lote nitawachosha bure, na mwisho hamtakuwa mmepata kitu cha kushika mkononi. Kwa hiyo nimechagua mtungaji mmoja na mchezo wake mmoja, nasi tutaufuata katika safari yake kutoka nchi hata nchi, tuone kila taifa liliupokeaje.

Mtungaji huyo ni Henrik Ibsen wa Norwei. Jina lake si geni katika Kenya, kwani mchezo wake juu ya Nora, yule mke aliyeondoka katika nyumba ya mumewe, katika miaka ya karibuni uliwekwa miongoni mwa vitabu vya lazima vya mtihani wa kidato cha nne, na vijana wengi waliusoma. Huo nitauacha, maana umekwisha kusemwa sana. Ninaoutaka mimi ni mwingine, ambao aliutoa mwaka wa 1882, nao kwa lugha yake waitwa En folkefiende, yaani Adui wa Watu. Habari yake ni habari ya maji. Kila aliyepata kuchota maji mtoni, au kufungua bomba mjini akayaona yametoka na rangi isiyo yake, ataielewa bila kufundishwa.

Kisa chenyewe ni hivi. Katika pwani ya kusini ya Norwei pana mji mdogo uliokuwa maskini, lakini sasa umeanza kunenepa. Umejenga mabafu makubwa, na wagonjwa hutoka mbali kuja kuoga na kunywa maji ya mahali pale ili wapate afya. Wageni hawa huleta fedha. Vyumba vya kupanga vimepanda bei, wenye maduka wanauza, na hata kodi ya kuwasaidia maskini imepungua kwa sababu maskini wenyewe wamepungua. Mkuu wa mji, Peter Stockmann, ndiye pia mwenyekiti wa halmashauri ya mabafu. Ndugu yake mdogo, Thomas Stockmann, ndiye daktari wa mabafu hayo. Naye ndiye hasa aliyetoa shauri la kwanza kwamba yajengwe.

Daktari huyu alikuwa ameona mwaka uliotangulia ya kuwa baadhi ya wageni wamepatwa na homa na maradhi ya matumbo. Wengine walidhani wamekuja nayo kutoka kwao. Yeye akaona shaka. Akachota maji akayapeleka Chuo Kikuu yakapimwe, bila kumwambia mtu. Jibu likarudi kuwa maji yamejaa uchafu uliooza na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Juu bondeni pana viwanda vya kutengenezea ngozi, na taka zake hupenya ardhini mpaka zinaingia katika mabomba, kwa kuwa mabomba yalilazwa chini mno. Thomas alikuwa amesema tangu mwanzo kwamba yalazwe juu zaidi, wakubwa wakakataa. Na kiwanda kichafu kuliko vyote ni cha baba mkwe wake mwenyewe, mzee Morten Kiil.

Jambo la kushangaza, na hapo ndipo Ibsen anapoonyesha anavyowajua wanadamu, ni kwamba daktari anapolisoma jibu lile anafurahi. Hafurahii ugonjwa, anafurahi kwa kuwa ameuokoa mji wake. Anadhani watu watamshukuru. Anawaambia rafiki zake mapema kwamba yeye hataki kufanyiwa sherehe yo yote ya heshima, kana kwamba sherehe imekwisha kuwekwa tayari.

Basi anakuja kaka yake, Mkuu wa mji, na hesabu mkononi. Kuyang'oa mabomba na kuyalaza upya kutagharimu fedha laki kadha, na kazi itachukua miaka 2. Katika miaka hiyo mabafu yatafungwa. Miji ya jirani itawanyang'anya wageni, na wakiisha kwenda hawatarudi. Sikilizeni vizuri anachosema mtu huyu, maana wengi wanaoucheza mchezo huu humfanya kuwa mwovu wa kuchekesha, nao wanakosea. Yeye hasemi kwamba maji ni safi. Anasema taarifa ya daktari imezidisha chumvi. Kwamba huenda baadaye, fedha zikipatikana, mambo yakatengenezwa kidogo kidogo. Kwamba mtumishi wa halmashauri hana ruhusa ya kutangaza maoni yake nje ya halmashauri. Maneno hayo yote yana sura ya busara, na si mara moja tumeyasikia yakisemwa na watu wapole waliovaa vizuri.

Daktari hatishiki, kwa sababu gazeti la watu liko upande wake. Mwenye kulihariri, Hovstad, amengoja siku nyingi apate silaha ya kuwapiga wakubwa. Na mpiga chapa, Bwana Aslaksen, ambaye ni mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba, amemwahidi kwamba wenye nyumba wote, nao ndio walio wengi, watasimama nyuma yake kama ukuta. Aslaksen ni mtu wa kiasi. Kila asemalo hulitia kiasi, hata shukrani ataitoa kwa kiasi. Lakini Mkuu wa mji anaingia katika ofisi ya gazeti na kusema neno moja tu: fedha za kutengeneza mabomba zitakuwa mkopo wa mji, na watakaoulipa ni wenye nyumba. Ukuta wote unaanguka. Katika muda usiozidi wa kunywa kikombe cha chai, makala ya daktari inaondolewa, na badala yake inawekwa taarifa ya Mkuu wa mji ya kuwatuliza watu.

Daktari hapati gazeti wala ukumbi. Nahodha mmoja wa meli, Horster, anampa chumba katika nyumba yake, na watu wa mji wanakusanyika. Sehemu hii, ya nne katika sehemu tano za mchezo, ndiyo moyo wake. Kabla daktari hajafungua kinywa, mkutano unataka mwenyekiti, anachaguliwa Aslaksen. Kisha linatolewa shauri kwamba daktari asiruhusiwe kusoma habari za maji. Nalo linakubaliwa kwa taratibu zote za mkutano. Basi daktari, ambaye sasa amekasirika, anaacha maji anasema mengine. Anasema sumu iliyo kubwa zaidi si ile ya mabomba. Anasema walio wengi hawawi na haki kamwe, na kwamba adui wa kweli na wa uhuru ni hao walio wengi. Zinapigwa kura. Mkutano mzima unakata shauri kwamba Daktari Thomas Stockmann ni adui wa watu. Aliyepinga ni mtu mmoja tu, naye ni mlevi.

Asubuhi yake madirisha ya nyumba yake yamevunjwa kwa mawe. Suruali yake imepasuliwa. Amefukuzwa kazi, binti yake Petra amefukuzwa kufundisha shuleni, mwenye nyumba anawataka wahame, na nahodha Horster amenyang'anywa meli yake. Kisha anakuja mzee Kiil, baba mkwe, na mtego ulio mbaya kuliko mawe. Amezinunua hisa za mabafu, ambazo zimeshuka bei, kwa zile fedha ambazo binti yake na wajukuu wangezirithi. Daktari akishikilia kwamba maji ni machafu, hisa hazitakuwa na thamani, na mke na watoto wake watabaki maskini. Nyuma ya mzee wanakuja Hovstad na Aslaksen wakitabasamu. Wamesikia habari za hisa, nao wanaamini kwamba kelele zote za maji zilikuwa hila ya daktari ya kuzishusha bei! Wanaomba washirikishwe. Daktari anawafukuza kwa mwavuli.

Sasa tazameni, Mabwana na Mabibi. Katika mkutano ule hakuna hata mmoja aliyesema, Tunataka wageni wafe. Kila mmoja alikuwa na nyumba, au duka, au gazeti, au kazi, na kila mmoja aliitetea riziki yake. Wazee wetu wana mithali mbili ambazo mchezo huu unazigonganisha kama mawe mawili. Ya kwanza ni Wengi wape. Ya pili ni Msema kweli hana wajoli. Mithali ya kwanza inatufaa sana tukitaka kuamua soko lijengwe wapi, au nani awe mwenyekiti wa chama. Lakini mji hauwezi kupiga kura juu ya vijidudu. Kura ikiisha kuhesabiwa, maji yanabaki vile vile yalivyokuwa.

Wala msidhani Ibsen aliyatunga haya kutoka hewani. Kulikuwa na daktari aliyeitwa Meissner katika mji wa Teplitz, huko Bohemia, mahali penye mabafu ya wagonjwa. Miaka ya 1830 alitangaza kwamba pana kipindupindu, wageni wakakimbia, na watu wa mji wakaipiga nyumba yake mawe. Ibsen alikuwa amezisikia habari zake. Isitoshe, yeye mwenyewe alikuwa amepigwa mawe ya maneno. Mwaka wa 1881 alitoa mchezo juu ya ugonjwa wa aibu uliofichwa katika nyumba ya watu wa heshima. Nyumba za michezo zikaukataa, wauza vitabu wakavirudisha vitabu, na magazeti yaliyojiita ya wapenda uhuru yakamshambulia sawa sawa na mengine. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Aliyajua mambo ya kugeuziwa uso tangu utotoni: alizaliwa mwaka wa 1828 katika mji wa Skien, baba yake alikuwa mfanya biashara mwenye mali, na mali ile ikapotea Henrik angali mtoto. Mwaka wa 1864 aliondoka kwao, akakaa Italia na Ujerumani muda wa miaka 27 akiandika juu ya nchi aliyoiacha.

Na habari ya vijidudu ilikuwa mpya kabisa siku zile. Mwaka ule ule wa 1882 ndio Robert Koch, daktari wa Ujerumani, alipotangaza kwamba amekiona kijidudu cha kifua kikuu. Kwa watazamaji wa kwanza, kumwamini Stockmann kulikuwa kuamini kitu ambacho macho yao hayakukiona, kwa neno la mtu mmoja mwenye karatasi ya Chuo Kikuu.

Mchezo ulichezwa mara ya kwanza Januari 1883 katika mji mkuu wa Norwei, ambao sasa waitwa Oslo. Tangu hapo ukaanza safari, na safari yake ina mambo ya ajabu.

Katika Urusi mwenye kucheza daktari alikuwa Konstantin Stanislavski, mwigaji mashuhuri wa Moscow. Mwaka wa 1901 kundi lake lilikuwa likiucheza St. Petersburg, na siku moja mchana askari waliwapiga wanafunzi katika uwanja mmoja mkubwa wa mji ule. Usiku nyumba ya michezo ilijaa watu ambao mioyo yao ilikuwa inawaka. Stanislavski mwenyewe alieleza baadaye yaliyotokea. Alipofika mahali pale ambapo daktari anaitazama suruali yake iliyopasuka na kufanya mzaha kwamba mtu akienda kupigania uhuru asivae nguo mpya, watu wote walilipuka kwa kelele, mchezo ukasimama, na wengine wakapanda jukwaani kumshika mkono. Mzaha mdogo wa mtu wa Norwei ukageuka kuwa neno la wanafunzi wa Urusi. Na ajabu ni kwamba daktari wa Ibsen alikuwa amewatukana walio wengi; lakini wale waliokuwa wakimshangilia walikuwa wengi!

Huko China, gazeti moja la vijana lilitoa toleo zima juu ya Ibsen mwezi wa Juni 1918. Miaka michache baadaye, mnamo 1927, wanafunzi wa shule ya Nankai katika mji wa Tianjin walijitayarisha kuucheza mchezo wetu. Mtawala wa pale alikuwa jemadari aitwaye Chu Yupu. Aliposikia jina la mchezo, Adui wa Watu, alidhani ndiye anayesemwa, akaupiga marufuku. Basi mwaka wa pili walimu wakabadili jina wakauita Daktari Mkaidi, nao ukachezwa. Sehemu ya Petra, binti wa daktari, ilichezwa na kijana wa kiume, kama ilivyokuwa desturi ya shule. Kijana huyo aliitwa Cao Yu, ambaye baadaye akawa mmoja wa watungaji wakubwa wa michezo katika China. Jemadari hakuusoma mchezo, lakini nadhani katika wahakiki wote wa Ibsen hakuna aliyeuelewa upesi kama yeye.

Katika Marekani, Arthur Miller aliuandika upya kwa Kiingereza cha siku zake, ukachezwa New York Desemba 1950. Mwaka ule hofu ya Ukomunisti ilikuwa imeenea, na mtu aliweza kupoteza kazi kwa kutajwa tu. Mchezo haukudumu, ulichezwa mara 36 ukafungwa. Miller alikuwa ameondoa jambo moja, na yafaa tulisimamie kidogo.

Katika mchezo wa Ibsen, daktari akiwa katika hasira yake mbele ya mkutano anawafananisha watu na mbwa. Anasema mbwa wa mbegu nzuri aliyelelewa vizuri hawezi kulinganishwa na mbwa wa mitaani, na vivyo hivyo watu. Sisi watu wa Afrika tunajua maneno ya namna hiyo yalitumiwaje, na yalitumiwa juu ya nani. Ulaya nayo ilikuja kujua, miaka ya 1930 na 1940, kwa gharama ya mamilioni ya roho. Miller aliyafuta maneno hayo ili daktari abaki safi. Namwelewa, lakini sikubaliani naye sana. Ibsen hakutupa malaika. Alitupa mtu aliye na haki juu ya maji na mwenye makosa juu ya watu. Mwenye majivuno, asiyejua kungoja, anayewatukana wale wale anaotaka kuwaokoa. Na swali gumu la mchezo limo humo. Mwenye kuleta habari ya kweli akiwa mtu asiyependeza, je, mtakunywa maji yale ili kumkomoa?

Mtu aliyelijibu jambo hili kwa namna yake ni Satyajit Ray, mtengenezaji mashuhuri wa sinema wa Bengali, katika India. Mwaka wa 1989 aliugeuza mchezo kuwa sinema iitwayo Ganashatru. Hapana mabafu tena. Pana hekalu, na maji machafu ni yale matakatifu ambayo waumini hupewa kunywa. Ugonjwa ni wa manjano. Daktari, Ashoke Gupta, anapotaka hekalu lifungwe kwa muda ili mabomba yatengenezwe, anajibiwa kwamba maji yale yametiwa jani la mtulsi na hayawezi kuchafuka. Na katika mkutano ndugu yake hamwulizi juu ya vijidudu. Anamwuliza kama yeye ni Mhindu. Hapo Ray ameuchimba mchezo kwa kina kuliko wengi. Maana fedha za wageni zipo pale pale, wenye hekalu wanazihesabu, lakini zimevaa kanzu ya dini, na mwenye kuzigusa anaonekana ameigusa imani ya watu.

Ray alibadili na mwisho. Katika mchezo wa Ibsen daktari anabaki na jamaa yake na rafiki mmoja, na anajisifu kwamba mtu mwenye nguvu kuliko wote ni yule anayesimama peke yake. Katika sinema ya Ray zinasikika nje sauti za vijana wanakuja, wamechapa maneno ya daktari katika karatasi, na wanalitaja jina lake. Wako waliosema kwamba mwisho huo ni mtamu mno. Mimi naona Ray alikuwa anabishana na Ibsen kwa heshima. Mtu wa Norwei alisema ukweli una nguvu ukiwa peke yake. Mtu wa Bengali akasema ukweli ukibaki peke yake, watu wataendelea kunywa maji.

Kisha akaja Mjerumani, Thomas Ostermeier wa Berlin, na mwaka wa 2012 akafanya jambo jepesi lakini la hatari. Ilipofika sehemu ya mkutano, taa za ukumbi ziliwashwa, na watazamaji wakaulizwa maoni yao. Mchezo ukageuka baraza. Walizunguka nchi nyingi namna hiyo, na kila mahali watu walisema ya kwao: kodi, benki, magazeti, polisi. Septemba 2018 walifika Beijing. Watu wakasema waziwazi mambo ambayo wakubwa wa pale hawakupenda kuyasikia, na maonyesho yaliyokuwa yamepangwa katika mji wa Nanjing yakafutwa. Miaka 90 baada ya jemadari Chu Yupu! Na haukupita mwaka mmoja na nusu kabla ya Daktari Li Wenliang wa Wuhan, aliyewaonya madaktari wenzake tarehe 30 Desemba 2019 juu ya ugonjwa mpya wa mapafu, kuitwa na polisi atie sahihi kwamba amesema uwongo. Alikufa kwa ugonjwa ule ule mwezi wa Februari 2020.

Safari niliyobakiza ni ya Flint, mji wa jimbo la Michigan katika Marekani, uliokuwa siku zile na watu wapata 100,000, wengi wao weusi na wengi maskini. Aprili 2014, ili kupunguza gharama, mji uliacha kununua maji ya ziwa kutoka Detroit ukaanza kutumia maji ya mto wake. Maji yale hayakutiwa dawa ya kuzuia kula mabomba, na mabomba ya zamani yakatoa risasi, yaani ile madini iliyo sumu kwa ubongo wa mtoto. Watu walilalamika kwa rangi na harufu. Wakaambiwa maji ni salama. Kiwanda cha magari kikaacha kuyatumia kwa sababu yalikuwa yakila vyuma, na bado watu wakaambiwa wanywe. Septemba 2015 daktari wa watoto, Mona Hanna-Attisha, alionyesha hesabu ya risasi katika damu ya watoto. Siku za kwanza wakubwa wa jimbo walisema hesabu zake si sawa. Mwezi uliofuata mji ulirudi kwenye maji ya ziwa. Mnamo Juni 2017 waigaji waliucheza mchezo wa Ibsen Flint kwenyewe, mbele ya wenyeji. Watu wale hawakuhitaji kuelezwa Aslaksen ni nani.

Mwaweza kusema hayo ni ya mbali. Nawakumbusha kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kandokando ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Phyllis Omido aliajiriwa na kiwanda hicho, na katika kazi yake akaona kwamba kinawadhuru watu. Kisha mtoto wake mwenyewe akapimwa akakutwa na risasi katika damu. Aliacha kazi akaanza kusema. Kiwanda kilifungwa mwaka wa 2014, na Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi 1,300,000,000. Kesi iliendelea kupanda mahakama baada ya mahakama hata miaka ya baadaye. Yeye hakusimama peke yake kama Stockmann. Aliwakusanya akina mama na majirani wakaunda chama. Lakini wako waliomwambia, kama walivyoambiwa wote niliowataja, kwamba kiwanda kimeleta kazi, na kwamba anayekisema kiwanda anawanyima watu chakula.

Nimalize na maneno machache kwa walimu na vijana wa vyama vya michezo, kama watapenda kuucheza. Majina yaliyoandikwa ni 11 tu, na wengine wote ni watu wa mkutano, hata darasa zima laweza kuingia. Chumba na meza vyatosha. Mkifasiri, msiyafiche maneno ya daktari juu ya mbwa. Yaacheni watu wayasikie na wayachukie, kisha warudi kufikiri juu ya maji. Mwenye kucheza Mkuu wa mji asikunje uso wala asicheke kicheko cha mwizi. Aongee polepole, kama mtu anayeupenda mji wake, maana kweli anaupenda. Watu wa mkutano wakae kati ya watazamaji, wasivae mavazi ya pekee, ili jirani asijue ni nani mwigaji na ni nani aliyelipa kiingilio. Na sehemu ya mlevi msimpe mtu ye yote tu. Mpeni mwigaji mzuri, anayeweza kuinua mkono wake peke yake huku ukumbi mzima unamcheka.